Uvimbe wa taya wa watoto wa Kampala: kirusi kilivyokamatwa, na kwa nini peke yake hakitoshi kuleta kansa

Mtu akisikia kuna kansa zinazoletwa na virusi, kitu cha kwanza anasogea mbali na mgonjwa. Mtoto amelazwa na uvimbe wa taya, ndugu wanamtengea kikombe chake na sahani yake, hata kumbeba wanaogopa, inauma sana kuona. Kwa hiyo leo nachambua kisa kimoja tu mwanzo mpaka mwisho, kisa cha uvimbe unaoitwa limfoma ya Burkitt, ambacho ndo kilifanya dunia ikubali kwamba virusi vinaweza kusababisha kansa kwa binadamu, na hakijaanzia Ulaya wala Marekani, kimeanzia hospitali ya Mulago pale Kampala, kikapita Jinja, West Nile, kikafika mpaka Mara kwetu. Mi kazi yangu ni ya maabara, na kisa hiki nakithamini kuliko vingine vyote kwa sababu kinajibu lile swali ambalo kila mzazi anauliza: mtoto wangu kaipata wapi, na kwa nini yeye?

Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell wa Mulago alimwita mwenzie wa upasuaji, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ayalandi, aje amwangalie mtoto wa miaka 5. Mtoto kavimba taya sehemu zote nne, juu kushoto juu kulia, chini kushoto chini kulia, meno yamelegea, uso umeharibika kabisa. Burkitt hakuelewa anaangalia nini. Usaha wa mfupa hauvimbishi sehemu nne kwa mpigo, na kansa mara nyingi inaanza sehemu moja. Wiki chache baadae yuko hospitali ya Jinja, akatupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine yuko nje na mama yake, uso uleule. Akatoka akampima, akakuta taya zilezile sehemu nne, na tumboni akapapasa akakuta kuna uvimbe mwingine.

Hapo ndo akashtuka. Mtoto mmoja ni bahati mbaya, wawili wanaofanana hivyo kuna jambo. Akarudi Kampala akaanza kupekua mafaili na ripoti za maiti zilizofanyiwa uchunguzi, na akagundua watoto waliokuwa wameandikwa kansa ya taya, wengine kansa ya figo, wengine ya ini, wengine ya ovari, wengi wao walikuwa na ugonjwa mmoja tu uliotokea sehemu tofauti za mwili. Kumbe hata hospitali ya Mengo, daktari Albert Cook alishachora picha za watoto wa namna hii kwenye madaftari yake miaka ya mwanzo ya 1900, sema hakuna aliyeziunganisha. Burkitt akaandika 1958, na baada ya hapo wataalamu wa kupima vinyama, yaani vipande vinavyokatwa kwenye uvimbe, pale Mulago, akiwemo Greg O'Conor, wakaonesha kwamba hii sio kansa ya mfupa na wala haihusiani na jino, ni limfoma, yaani kansa ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kingamwili (silaha za mwili dhidi ya vijidudu), tunaziita seli B.

Ukiweka kinyama cha uvimbe huo kwenye darubini huwezi kukisahau. Unaona seli za bluu nzito zimebanana hazina hata nafasi, zote zinafanana, nyingi ziko kwenye kugawanyika, alafu katikati kuna mianya myeupe myeupe ambapo seli kubwa walaji zinameza zile zilizokufa, na sisi maabara tunaiita picha ya anga la nyota. Hizo za kufa na hizo za kugawanyika zinakwambia kitu kimoja, huu uvimbe una haraka. Unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, hakuna kansa ya binadamu inayoenda kasi kuliko hii. Mama anakwambia Jumatatu mtoto jino lilikuwa linacheza tu, Jumatatu ya pili jicho limesukumwa nje, na anasema kweli, wala haongezi chumvi, na wanaomlaumu kwamba kachelewa wangejua kasi ya huu ugonjwa wasingemlaumu.

Sasa twende kwenye ramani maana hapa ndo Burkitt alifanya kitu cha akili sana. Alituma vipeperushi vyenye picha za wagonjwa kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza mnaona watoto kama hawa? Majibu yakija anapiga alama kwenye ramani, na alama zikaanza kutengeneza mkanda unaokatiza katikati ya Afrika na mkia unaoshuka pwani ya mashariki kwenda Msumbiji. Ili aone mwisho wa mkanda uko wapi, Oktoba 1961 akachukua gari kuukuu aina ya Ford na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri wiki kumi, kama kilomita 16,000 hivi kwenda na kurudi mpaka Afrika Kusini, wanaingia hospitali moja baada ya nyingine wanatoa picha wanauliza. Walichokiona ni kwamba ugonjwa unakataa sehemu za baridi na sehemu kame. Karibu na ikweta ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi unapotea, na sehemu yenye mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka haupo. Ndo maana Rwanda na Burundi kule milimani ilikuwa nadra, nyanda za juu Kenya nadra, lakini ukishuka Ziwa Victoria au pwani unaukuta.

Joto na mvua. Ukimwonesha ramani hiyo mtu yeyote wa huku atakwambia hiyo ni ramani ya mbu. Na wao waliona hivyo hivyo, wakadhani kuna kirusi kinasambazwa na mbu kama homa ya manjano. Walikuwa nusu sahihi, na ile nusu nyingine ilichukua miaka mingi.

Kabla ya kuendelea lazima niingize kuku hapa, maana bila kuku hii stori haitembei. Miaka ya mwanzo ya 1900 kule Denmark, Ellermann na Bang waliambukiza kuku leukemia, yaani kansa ya damu, kwa majimaji yaliyochujwa mpaka hayana seli wala bakteria, hiyo ni 1908. Mwaka 1911 Peyton Rous pale New York akafanya hivyo hivyo kwa uvimbe wa nyama wa kuku, akasaga, akachuja, akadunga kuku mzima, kuku akaota uvimbe. Watu walimsikiliza wakasema sawa, hayo ni mambo ya kuku, binadamu hayamhusu, na Rous akaja kupewa Nobel 1966, miaka hamsini na tano baadae! Lakini kuna kijana mmoja London, Anthony Epstein, alikuwa anafanya kazi na kirusi hicho hicho cha Rous kwa darubini ya elektroni, ile inayoona mpaka virusi, na tarehe 22 Machi 1961 akaingia kwenye mhadhara wa Burkitt pale hospitali ya Middlesex. Wengine walisikia habari za daktari wa upasuaji wa Afrika anaonesha picha za wagonjwa. Yeye akasikia mvua, joto na kansa kwenye sentensi moja, na kichwa chake kiko kwenye virusi vya kuku, akaona papo hapo kwamba huenda kuna kitu kinachoambukiza.

Wakakubaliana, Burkitt anakata vinyama Kampala, vinapandishwa ndege usiku, Epstein anavipokea London. Zaidi ya miaka miwili hakuna kitu. Anaangalia vinyama kwa darubini, hakuna kirusi. Alafu Desemba 1963 ndege iliyobeba kinyama ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester, kinyama kimefika kimechelewa na yale majimaji yake yamekuwa na ukungu ukungu. Mtu wa maabara ukiona majimaji yamechafuka hivyo unajua bakteria wameingia, unamwaga. Epstein hakumwaga, aliweka tone kwenye darubini ya kawaida kwanza, akakuta sio bakteria, ni seli za uvimbe zenyewe zimejichomoa kwenye kinyama zinaelea, hai kabisa. Hizo zinazoelea ndo zikakubali kuota kwenye chupa, kitu ambacho walishajaribu mara nyingi kimegoma. Tarehe 24 Februari 1964 akaziweka kwenye darubini ya elektroni na kwenye seli ya kwanza kabisa aliyoangalia akakuta virusi vimejaa. Umbo lake ni la familia ya herpes, ile familia ya tetekuwanga na vidonda vya mdomoni vya homa, ila hiki ni kipya. Machi ya mwaka huo huo ikachapishwa kwa majina matatu, Epstein, Bert Achong ambaye ni mtu wa Trinidad, na Yvonne Barr aliyekuwa anaotesha zile seli. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr, kwa kifupi EBV. Achong jina lake halikuingia na mi nalitaja kila nikipata nafasi.

Sasa hapo ungedhani kesi imeisha. Kirusi kimekamatwa, kiko ndani ya kansa, tufunge faili. Werner na Gertrude Henle kule Philadelphia wakatengeneza kipimo cha kingamwili, wakapima watoto wenye uvimbe, wote wanacho. Wakapima watoto wasio na uvimbe, nao wanacho. Wakapima Wamarekani wazima, wanacho. Leo tunajua zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani tumebeba EBV, mimi ninacho, wewe unayesoma karibu hakika unacho, kinapita kwenye mate, na watoto wa huku wengi wanakipata kabla ya miaka mitatu kwa kubebwa, kubusiwa na kula pamoja na wakubwa, bila hata kuumwa. Kikishaingia hakitoki, kinajificha ndani ya seli B chache maisha yote. Kwa hiyo mwenye kumtengea mtoto mgonjwa kikombe ajue kwamba kirusi anachokikimbia anacho yeye mwenyewe tangu utotoni, na kansa yenyewe haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu.

Swali likawa gumu zaidi. Kama wote tunacho, kitakuwaje ndo chanzo?

Jibu la kwanza lilitoka West Nile, Uganda. Kati ya 1972 na 1974 walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 walio wazima, wakaihifadhi kwenye baridi, wakasubiri, na hii ni Uganda ya Idi Amin, fikiria ugumu wa kufuatilia watoto vijijini wakati ule. Miaka ikapita, wachache wakapata uvimbe, wakarudi kwenye friza wakatoa damu ya mtoto huyo ya kabla hajaumwa wakailinganisha na ya wenzie wa umri wake kijijini. Majibu yalitoka 1978: watoto waliokuja kupata kansa walikuwa na kingamwili za EBV nyingi kupita kiasi tangu wakiwa wazima, na mwenye kiwango hicho cha juu hatari yake ilikuwa kama mara 30 ya wengine. Kwa hiyo kirusi kilitangulia. Hakikuja kufuata uvimbe uliokuwepo tayari, kilikuwepo kabla, kimejaa, kinga imeshindwa kukibana.

Jibu la pili lilitoka kwenye kromosomu, vile vifurushi vya DNA ndani ya seli. Kufikia 1976 ilishaonekana kwamba kwenye seli za uvimbe huu kipande cha kromosomu namba 8 kimekatika kimeenda kushikana na namba 14, na 1982 ikajulikana kilichohama ni nini: ni jeni inaitwa MYC, ile inayoiambia seli gawanyika. Kwa kawaida MYC inaamka kidogo kazi ikitakiwa, ikiisha inalala. Lakini kule kwenye namba 14 imeangukia jirani na jeni za kingamwili, ambazo ndani ya seli B haziachi kufanya kazi, ni sawa na mtu kuhamia chumba kilichopakana na baa, muziki unapiga usiku kucha na yeye halali tena. MYC haizimi, seli inagawanyika, inagawanyika, inagawanyika.

Na hapa kuku wanarudi. Jina MYC limetokana na kirusi cha kuku, kule ndo jeni hii ilionekana kwanza. Na 1981, mwaka mmoja kabla ya habari ya kromosomu za watoto, watafiti walionesha kwamba kirusi cha leukosisi (kansa ya damu) ya kuku kinapoleta limfoma kinafanya hivi: kinajichomeka kwenye DNA ya seli B ya kuku jirani kabisa na MYC, kinaiwasha. Kwa kuku ni kirusi kimehamia jirani na MYC, kwa mtoto wa Kampala ni MYC imehamia jirani na jeni yenye kelele, njia mbili tofauti lakini jeni ni ileile na seli ni zilezile. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilikaa nikawaza muda mrefu, yaani kansa ya kuku na kansa ya mtoto zina mlango mmoja.

Kirusi cha Rous chenyewe ni kikali zaidi, kimebeba jeni ya kansa mgongoni, kikiingia kuku anaota uvimbe ndani ya wiki chache. EBV haiko hivyo. EBV kazi yake kwenye kisa hiki ni ya kichinichini. Seli yoyote ambayo MYC imechachamaa mwili unaishtukia, seli inajiua yenyewe, ndo utaratibu wa kujilinda tuliozaliwa nao. EBV ina vitu vyake vidogo ndani ya seli vinavyozuia seli kujiua, kwa sababu kirusi kinataka nyumba yake isibomoke. Basi seli mbovu ambayo ilitakiwa ife jana iko hai leo, na kesho zimekuwa mbili. Pia kwenye uvimbe huu kirusi kinanyamaza karibu kila kitu chake, kinaacha protini moja hivi kubwa, EBNA1, ambayo askari wa mwili wanapata shida kuiona.

Bado mbu. Mbu wapo kwenye ramani kweli, sema hawasambazi EBV, wanasambaza malaria. Gilbert Dalldorf aliyefanya utafiti Kenya alishaonesha kidole huko tangu 1964, na Burkitt mwenyewe akaja akaona kwamba Unguja na Pemba, joto lipo mvua ipo, uvimbe hawauoni, na kule malaria ilikuwa imedhibitiwa. Malaria ya falsiparam, ile inayomrudia mtoto kila msimu, inafanya mambo matatu kwa pamoja. Inazikurupusha seli B zigawanyike kwa wingi, na zilizobeba EBV zimo humohumo. Inachosha seli T, askari wengine wa mwili, ambazo ndo zinatakiwa kukibana kirusi. Na kwenye mitoki seli B zinapokurupushwa zinawasha kimeng'enya kinachoitwa AID, kazi yake halali ni kukata na kuunga DNA ili kutengeneza kingamwili bora, sasa ukikifanyisha kazi mwaka mzima bila kupumzika ipo siku kitakata pasipotakiwa, kwenye namba 8, na hiyo ndo ajali yenyewe.

North Mara, Tanzania, walijaribu kulithibitisha kwa vitendo, kuanzia 1977 mpaka 1982 watoto wakapewa klorokwini ya kukinga. Malaria ilipungua na uvimbe ulipungua, ila uvimbe ulikuwa umeshaanza kupungua hata kabla ya dawa, alafu malaria ikarudi juu, kwa hiyo haikuweza kuwa ushahidi wa kumaliza ubishi. Mi naona waliofanya ile kazi wanastahili heshima kwa kusema wazi hivyo badala ya kulazimisha matokeo.

Kwa hiyo kisa kikamilike kinataka kirusi, kinataka malaria ya kurudiarudia, na kinataka kromosomu ikatike vibaya kwenye seli moja kati ya mabilioni. Kirusi peke yake karibu wote tunacho na hatuumwi. Ndo maana ndugu wawili wanalala chandarua kimoja mmoja anapata mwingine hapati, na mama anayejiuliza alikosea nini nataka asikie kwamba hakukosea kitu, wala hakuna jirani aliyefanya kitu usiku.

Wafugaji wa kuku wanaijua mareksi, kuku anapooza mguu mmoja mbele mmoja nyuma, ukimpasua ini lina vinundu. Hiyo nayo ni limfoma ya kirusi cha familia ya herpes, ndugu wa mbali wa EBV, na chanjo yake ipo tangu karibu 1970, kifaranga anachomwa akiwa na siku moja. Chanjo ile haizuii kirusi kuingia, inazuia uvimbe. Binadamu tuna chanjo ya homa ya ini B ambayo inakinga kansa ya ini, na ya HPV inayokinga kansa ya mlango wa kizazi. Ya EBV bado tunasubiri, lakini upande wa malaria mlango umefunguka, chandarua, dawa ya mapema na sasa chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza kuitoa 2019 kwa majaribio, na mi naihesabu ni sehemu ya kukinga kansa hii hata kama hakuna bango linalosema hivyo.

Nimalizie na matibabu. Ile kasi inayotisha ndo udhaifu wa huu uvimbe, kwa sababu dawa za kansa zinaua seli zinazogawanyika. Miaka ya 60 Kampala hakukuwa na mionzi, Burkitt akaanza kutoa sindano za dawa, saiklofosfamaidi na zingine, na kuna watoto waliopona kabisa kwa dozi chache tu wakati dunia ilikuwa haiamini kansa inaponywa kwa dawa. Mwaka 1967 ikafunguliwa pale Mulago taasisi ambayo leo ni Uganda Cancer Institute, ilianza kama kituo cha uvimbe huu huu. Leo nchi tajiri watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona, kwetu bado tuko mbali na hapo, na kinachotuangusha sana ni mtoto kuzungushwa.

Nimepokea vinyama vya watoto ambao walishang'olewa meno mawili matatu sehemu fulani kabla mtu hajawaza kitu kingine. Mtoto wa miaka 4 mpaka 9 meno yanalegea bila kuoza, fizi au taya linavimba bila homa kali wala maumivu ya jino, au tumbo linajaa ndani ya siku chache, huyo anahitaji kinyama kikatwe wiki hiyo hiyo. Akianza dawa anawekewa maji mengi ya dripu kwa sababu uvimbe unakufa kwa kasi na takataka zake zinaweza kuziba figo, wauguzi wakimsumbua kwa kupima mkojo wake mchana na usiku waachwe wafanye. Na baada ya dozi ya kwanza uso unaweza kurudi kawaida ndani ya wiki, mtoto anacheza, nauli ya kurudi nayo haipo, familia inaona amepona inabaki nyumbani. Seli zilizobaki hazionekani kwa macho na kasi yake ni ileile, kwa hiyo tarehe ya dozi ya pili iandikwe kwenye kadi kabla hamjatoka wodini, na kama shida ni nauli semeni hapo hapo, ustawi wa jamii wapo na mara nyingi wana namna ya kusaidia.